Nguzo Iliyopitishwa kwa Kura

Kwanza kabisa niwatoe wasiwasi: binti yangu Zuena hajambo. Yupo. Nasema mapema kwa sababu watu wa siku hizi wana umbea, wanapenda kuanza habari kutoka mkiani. Pili, nchi ninayoisimulia si yenu. Ni nchi jirani ambayo haipakani na nchi yoyote, na mtu akisema ameitambua, basi aulizwe yeye ameijuaje.

Mimi naitwa Sefu Mtupa, Afisa Habari wa Wizara ya Majengo na Mambo Yajayo. Kazi yangu ni kutangaza kwamba mambo ni mazuri. Nimeifanya kwa moyo mmoja na sijawahi kukosa la kutangaza, maana kwetu mambo huwa mazuri hata pale yanapokuwa mabaya.

Yalizidi kuwa mazuri siku Waziri wetu, Mheshimiwa Profesa Kondo Makwaya, alipoletewa akili mnemba ofisini. Mnaijua, ile mashine unayoiandikia maneno mawili matatu, nayo inakutolea mchoro. Wanafunzi wa usanifu majengo pale Chuo Kikuu walikuwa wameizoea zamani. Walikuwa wakiiita Mjomba, kwa sababu kama mjomba aliyerudi kutoka ng'ambo, ina jibu la kila swali, hata la jambo isilolijua, na haioni haya. Waziri akamwandikia Mjomba: "Nichoree shule ya msingi ya kisasa, nzuri kuliko zote." Kabla hajamaliza kukoroga chai, shule ikawa imetoka.

Lo! Ilikuwa shule kwelikweli. Paa lilikuwa na mabawa mawili yaliyoinuka huku na huku, yakishuka kukutana katikati, kama ndege anayetaka kuruka. Watoto walichorwa wakicheka madirishani, kila mmoja na vidole sita. Waziri alivihesabu, akampigia simu mwenzake wa Afya kumuuliza kwa nini watoto wetu wanazaliwa na vidole pungufu.

Shule hiyo ikaitwa Shule ya Mfano, ikaanza kujengwa juma lile lile. Ila nchi haiwezi kupata kitu kizuri bila semina, kwa hiyo ikaamuliwa wanafunzi wote wa usanifu wafundishwe Somo la Kutumia Akili Mnemba kwa Uwajibikaji. Waziri mwenyewe alikuja kulizindua.

"Vijana wangu," alisema, "uwajibikaji ni nini? Uwajibikaji ni kule kuwajibika. Na kuwajibika ni nini? Ni ile hali ya mtu kuwa na uwajibikaji. Asiyeelewa anyooshe mkono."

Hakuna aliyenyoosha. Waziri akafurahi kuona wanafunzi ni waelewa, akakata utepe uliofungwa kwenye kompyuta, na waya wa umeme akaukata humo humo. Siku hiyo hawakusoma.

*

Wahadhiri wote waliugua siku ya kumchagua mwalimu wa somo hilo, isipokuwa Mwalimu Asteria Kalokola, ambaye hakupata taarifa ya kuugua. Alikuwa mama mfupi, asiyejua kubembeleza mtu. Nikatumwa nikaandike habari zake. Nilitegemea kumkuta kwenye chumba cha kompyuta chenye kiyoyozi. Nilimkuta uwanja wa mpira, juani, ameshika ndoo ya chokaa.

"Baba Zuena, karibu," aliniambia, maana tulikuwa tukikaa mtaa mmoja. "Umekuja kuona uwajibikaji? Simama pale, usikanyage jiko la mtu."

Nikatazama chini. Uwanja mzima ulikuwa umechorwa mistari ya chokaa: vyumba, milango, ngazi, vyoo, vyote kwa ukubwa wake halisi. Wanafunzi walikuwa wakitembea humo kama watu wanaokaa katika nyumba zisizo na kuta.

"Sheria yangu ni moja," Mwalimu akawaambia. "Mjomba achore, sijakataa. Mimi mwenyewe namtumia, ana mawazo mazuri kuliko baadhi yenu. Lakini kila anachochora tutakilaza hapa chini, na wewe uliyemwagiza utatembea ndani yake. Ukikwama, umekwama wewe. Mjomba hana miguu."

Alikuwapo kijana mmoja mrefu, Pendaeli Mringi, aliyeleta nyumba ya ghorofa nzuri ajabu. Mwalimu alimtwisha ndoo ya maji, akamwambia atoke bombani aende chumbani kwake. Pendaeli akapita jikoni, akapita sebuleni, akapanda ngazi za chokaa kwa madaha, halafu akasimama.

"Haya, baba, umefika wapi?"

"Ukutani, Mwalimu."

"Na mlango?"

"Mjomba hakuweka."

"Nani hakuweka?"

Pendaeli akatua ndoo. "Mimi sikuweka, Mwalimu."

"Hapo umesema. Basi lala hapo hapo na ndoo yako."

Wenzake walicheka hadi wakakaa chini. Na mimi nilicheka, sisemi uongo. Nilirudi ofisini nikaandika kwamba somo linakwenda vizuri, ingawa vifaa vilivyotumika havikuwa na hadhi. Tatizo lilianza siku Mwalimu alipotaka kuwapa mazoezi ya mwisho. Alitafuta mchoro bora kuliko yote nchini. Akachukua ule wa Shule ya Mfano.

Walilaza ramani ya darasa la kwanza uwanjani. Pendaeli akashika picha ya jengo mkononi, akawa anatembea na kulinganisha. Alipofika katikati akazunguka, akarudi, akazunguka tena.

"Mwalimu, nguzo iko wapi?"

Katika picha, pale mabawa mawili ya paa yanapokutana, palikuwa na nguzo nene iliyobeba boriti. Katika ramani aliyopewa mkandarasi, pale pale, palikuwa na sakafu tupu. Mjomba aliweka nguzo kwenye picha kwa kuwa inapendeza, akaisahau kwenye ramani kwa kuwa hakuna aliyemkumbusha. Mwalimu akafungua simu, akamuuliza: "Katikati ya darasa kuna nguzo?" Mjomba akajibu: "Ndiyo, umesema kweli kabisa, nguzo ipo." Akamuuliza tena: "Una hakika? Mbona haipo?" Mjomba akajibu: "Umesema kweli kabisa, haipo. Samahani kwa usumbufu."

Wanafunzi safari hii hawakucheka. Shule ilikuwa imekwisha kupauliwa. Mabawa yote mawili yalikuwa yanamwaga maji katikati, juu ya boriti ndefu iliyokuwa imeegemea imani tu, na masika yalikuwa yanakaribia.

*

Mwalimu Asteria alikuja wizarani siku ile ile, chokaa bado iko miguuni. Mimi nilikuwamo chumbani, nikiandika.

"Unasema Mjomba amedanganya taifa?" Waziri alimuuliza.

"Sijasema amedanganya, Mheshimiwa. Mjomba hajui mvua ni nini. Sisi ndio tunaojua. Naomba ijengwe nguzo moja tu kabla ya masika, basi."

"Mwalimu, fikiri. Nikiongeza nguzo, nimekiri kwamba haikuwapo. Na mimi nilikwisha kusema shule imekamilika. Sasa unataka niwe nani?"

Tena swali zuri lile, jamani. Kwa kuwa serikali yetu ni sikivu, ikaundwa Kamati ya Kuchunguza Kuwepo kwa Nguzo, chini ya mstaafu mmoja wa Idara ya Mifugo. Wajumbe walikaa hotelini, wakaitazama picha, wakala, wakaitazama tena. Mmoja akapendekeza waende wakaone jengo lenyewe, akaelezwa kwamba kwenda kuona ni kuonyesha mashaka. Mwisho mwenyekiti akasema wanaokubali kwamba nguzo ipo waseme ndiyo. Waliosema ndiyo walikuwa wengi kuliko waliosema siyo, kwa sababu wa siyo hawakualikwa.

Nguzo ikawa ipo. Niliitangaza mwenyewe redioni, asubuhi na jioni.

Kinachofuata nakisimulia kwa fahari, maana ni watu wachache duniani wanaojua kutunza mali ya umma namna ile. Darasani, pale nguzo ilipokuwa, pakachorwa duara kwa rangi nyeupe. Ikapigwa marufuku mtu kupita ndani ya duara, kwa kuwa hakuna mwenye akili timamu apitaye ndani ya nguzo. Akawekwa mlinzi. Watoto wakafundishwa kuizunguka, na kila asubuhi wakawa wanaiamkia. "Shikamoo, nguzo!" wanasema wote. Wanatulia kidogo. Kisha mwalimu wa darasa anasema, "Imeitikia, kaeni."

Mwalimu Asteria alifukuzwa chuoni kwa kosa la kutumia akili isiyo mnemba bila kibali. Somo akapewa Mjomba mwenyewe alifundishe, na mtihani ukawa na swali moja: je, nguzo ipo? Pendaeli aliandika kwamba ipo. Nilimkuta baadaye nje ya ukumbi ameinamia ukuta, nikampongeza.

"Nyumbani wananisubiri nihitimu, mzee," alisema. "Wote wananisubiri mimi."

Nikamwambia asijali, sote tuna watu nyumbani.

*

Sasa nifike kwa Zuena wangu. Shule ya Mfano haikuwa ya kila mtoto. Watu walihangaika kuwaingiza wanao, lakini mimi nilisema neno moja tu kwa Waziri, na Zuena akawa wa kwanza kuitwa katika darasa la kwanza. Nilitamba mtaani, sifichi. Mama Zuena alimshonea sketi, nami nikampiga picha mlangoni.

Mtoto yule ana maswali! Jioni ya siku ya kwanza alirudi akachora duara kwa chaki katikati ya sebule yetu, ili afanye mazoezi. Mchana wa siku hiyo mwenzake alikuwa amechapwa kwa kupitia ndani ya nguzo akifuata mpira, na yeye hakutaka kuchapwa. Akawa anazunguka duara, anazunguka, mkono mmoja hewani kana kwamba unashika kitu.

"Baba," akaniambia, "mbona nguzo haiitikii? Mwalimu anasema imeitikia, lakini mimi sisikii."

"Inaitikia moyoni."

"Ina moyo?"

"Kula ugali wako, mama."

Mama yake alinitazama. Akachukua ufagio afute ile chaki, Zuena akalia, ikabidi aache.

Wingu la kwanza lilipoonekana upande wa milimani, Mwalimu Asteria alikuja kwangu. Hakukaa. Alisimama pale pale kwenye mlango niliompigia Zuena picha.

"Baba Zuena, sijaja kwa ugomvi. Mtoe mtoto."

"Nimtoe nimpeleke wapi, Mwalimu? Kumhamisha ni lazima niseme sababu. Sababu yenyewe ni kosa la jinai."

"Sema anaumwa."

"Mimi ndiye niliyetangaza ile nguzo. Nikimtoa mwanangu, watu watasema nini?"

"Watawatoa na wao! Ndicho ninachokuomba!" Akapandisha sauti, halafu akaishusha, akaniinamia kama mtu anayemwomba mkwe. "Wewe una redio, Baba Zuena. Mimi nina ndoo ya chokaa tu."

Niliumia, mtu asidhani sina moyo. Kesho yake nilijipa ujasiri nikaingia kwa Waziri, nikazungukazunguka na maneno, nikauliza kama haingefaa watoto wa darasa la kwanza wasomee nje kidogo, wapate upepo. Waziri akavua miwani.

"Mtupa, una mashaka na nguzo?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Nilijua. Ndiyo maana wewe utakuwa msema chochote, mshika maikrofoni, siku ya ufunguzi rasmi wa shule."

Nikasema asante.

*

Siku ya ufunguzi, wageni rasmi walikaa kwenye hema uwanjani, hema la vyuma, lenye nguzo kila upande. Niliziona nguzo zile, nikaipapasa moja kwa mkono, nikaona aibu nikaacha. Watoto walikuwa wamepangwa darasani, madirisha wazi, ili wageni wawaone wakicheka kama kwenye picha. Zuena alikuwa amekaa upande wa pili wa duara. Alinipungia mkono.

Mvua ilianza wakati Waziri anasema jengo hili ni zawadi kutoka kesho. Ilikuwa mvua kubwa. Wageni wakapiga makofi, maana mvua ni baraka. Mabawa ya paa yakapokea maji yote yaliyoshuka na kuyapeleka katikati, kwa uaminifu kabisa, kama yalivyochorwa.

Mwalimu Asteria alikuwa nje ya uzio wa mabati, amelowa, anaupiga kwa viganja. "Watoeni! Watoeni!" Mlinzi alimwambia kwa adabu, "Mama, subiri zamu ya maswali."

Kisha boriti ikalia.

Sijui niseme ililia vipi. Kila mtu hemani aliisikia, na kila mtu akamtazama mwenzake aone kama yeye kasikia. Nilikuwa na maikrofoni mkononi. Ningeweza kusema "tokeni nje", maneno mawili tu, na spika zilikuwa kubwa. Nilimtazama Waziri. Waziri alinitazama mimi. Nikasikia sauti yangu inasema: "Tuendelee kupiga makofi."

Watoto wale walikuwa wamefundishwa vizuri. Walikuwa wameambiwa, ikitokea hatari yoyote, shikeni nguzo. Wakainuka wote, wakakimbilia kwenye duara, wakalizunguka. Wale wadogo walitanua mikono wakaikumbatia nguzo, na mikono ikakutana na hewa. Zuena akatazama juu, kisha akanitafuta dirishani.

Hapo nikaitupa maikrofoni. Nilikimbia, wallahi nilikimbia, viatu vikabaki matopeni. Mwalimu Asteria alikuwa ameruka uzio, alifika mlangoni pamoja nami. Yeye alipita moja kwa moja, katikati ya duara, akawabeba watoto wawili kwapani na kumsukuma wa tatu mbele yake. "Pita katikati, Baba Zuena!" alipiga kelele. "Pita hapa! Hakuna kitu!"

Zuena alikuwa ng'ambo ya duara, ananinyooshea mikono. Nami nilipofika kwenye ule mstari mweupe, miguu yangu ikazunguka.

*

Kamati ilikutana tena katika hoteli ile ile. Hoja ilikuwa kwamba paa la Shule ya Mfano lipo mahali pake. Ilipita bila kupingwa. Na kwa kuwa paa halikuanguka, mwenyekiti alifafanua, haiwezekani likawa limemwangukia mtu, hivyo wanafunzi wote wa darasa la kwanza wapo. Nilisoma taarifa hiyo redioni, na walionisikia wanasema sauti yangu haikutetemeka.

Mwalimu Asteria yuko gerezani kwa kupita ndani ya mali ya serikali. Wale watoto aliowatoa waliandikiwa onyo. Pendaeli amepewa kazi ya kusimamia shule nyingine kama ile, katika kila wilaya; nilimwona juzi, amekonda. Mjomba anaendelea kufundisha uwajibikaji, na mwaka huu hakuna mwanafunzi aliyefeli.

Kila asubuhi, pale kwenye kifusi kisichokuwapo, wanafunzi waliobaki hupangwa mstari na kuitwa majina. Ikifika "Zuena Sefu", darasa zima hujibu kama lilivyofundishwa: "Yupo!" Nimekwenda kusikiliza mara nyingi. Wanaitikia vizuri, kwa sauti kubwa.

Nyumbani, Mama Zuena anapakua sahani tatu. Lile duara la chaki bado liko sebuleni. Siku moja alishika tambara afute, nikamdaka mkono, tukabaki tumekaa sakafuni wawili sisi. Hakufuta. Siku hizi analizunguka na yeye, akibeba sinia, akipiga deki. Wageni wakija tunawaambia wapite pembeni. Ni watu wazuri, hawaulizi. Wanapita pembeni, na wengine huinama kidogo wakasema, "Hujambo, Zuena?"

Mimi husubiri aitikie.